Mfupa wa Mia Mbili na Saba

Mtu aliyenifundisha kwamba tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne ni wifi yangu, na elimu hiyo hiyo nusura imfukuzishe chuo. Nakisimulia kisa chake kwa sababu mtaani kwetu wanakisimulia vibaya. Wanasema alifaulu kwa bahati. Bahati gani hiyo inayomshikisha mtu kisu mkono mmoja na kitabu mkono wa pili likizo nzima? Mimi nilikuwepo, nilikuwa mmoja wa walimu wake, na mwenye neno la kubisha aje anione kibandani.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Kaka ana bucha. Yeye hukata nyama mbele, na mkewe ana meza yake pembeni ya vitu vya ndani: maini, figo, mapafu, bandama, moyo, utumbo. Kwa ajili ya meza hiyo watu walimpa jina la Mama Maini, naye hakulikataa. Kibanda changu cha ususi kimepakana na bucha, katikati ni ukuta wa mabati tu, kwa hiyo kinachosemwa upande ule hunifikia kikiwa bado cha moto. Msusi mikono yake ina kazi siku nzima. Masikio hayana kazi, na mdomo wangu mimi haujawahi kuomba likizo.

Miaka michache nyuma mama yetu mzazi alipata kiharusi. Alilala mzima, akaamka mkono na mguu wa kulia vimelala na maneno yamemkimbia. Mama huyo alikuwa msemaji hasa. Mdomo huu sikuuokota barabarani. Ghafla akawa anatutazama tu, anajua anachotaka kusema, kinafika ulimini kinakwama. Mimi nilikuwa nalia nikimwona. Wifi hakulia. Alimgeuza, akamwogesha, akamkanda vidole kimoja kimoja, akambadilishia shuka, mwezi ukaisha na mwingine ukaingia, na mgongo wa mama haukutoka hata kidonda kimoja. Muuguzi wa zahanati aliyekuwa akija kumwangalia alimgeuza mama, akaitazama ngozi yake kwa muda, kisha akamwambia wifi kwamba mikono kama ile isiozee sokoni.

Maneno hayo yakamkaa. Cheti chake cha sekondari kilikuwa kimelala sandukuni tangu aolewe. Akakitoa, akakikung'uta, akaomba nafasi chuo cha uuguzi, akapata. Darasani kulikuwa na mabinti ambao angeweza kuwazaa. Kaka alinung'unika kidogo kuhusu meza ya maini kubaki bila mtu, kisha akanyamaza, kwa sababu mama yake alikuwa amelala kitandani na shuka safi, na yeye anajua ni nani aliyelifua.

Mwaka wa kwanza alipita masomo yote isipokuwa moja: anatomia na fiziolojia, yaani mwili ulivyoumbwa na unavyofanya kazi. Hapo ndipo kila mtu alipobaki mdomo wazi. Huyo si ndiye aliyeshika maini tangu ujana wake? Si ndiye anayeweza kuuchambua moyo huku anabishana bei na mteja? Sisi nyumbani tulidhani somo hilo ndilo angelifaulu akiwa amefumba macho. Na kwa kweli ndivyo alivyolifanya, na ndiyo sababu aliangushwa.

Alipoirudisha karatasi yake ya mtihani nyumbani, niliichukua nikaisoma. Swali la mfumo wa chakula lilitaka mchoro wa tumbo. Wifi alichora tumbo zuri, lenye vyumba vinne: kile chenye manyoya kama taulo, kile kama sega la nyuki, kile chenye kurasa kama kitabu, na kile laini. Figo aliichora ina vifundo vifundo kama kichala cha zabibu. Bandama aliichora ndefu kama ulimi. Na kwenye swali la moyo aliandika, kwa uhakika kabisa, kwamba ndani yake, karibu na mizizi ya mshipa mkubwa, kuna kifupa kidogo. Mwalimu wa somo hilo, mzee mmoja mwembamba ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Mifupa, alikizungushia kifupa hicho wino mwekundu mara tatu, akaandika pembeni: "Mtu mzima ana mifupa mia mbili na sita. Huu wa mia mbili na saba ni wa ng'ombe."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wifi hakucheka. Mabinti wa darasa lake walikuwa wameshaanza kumwita Daktari wa Mifugo, na jambo hilo lilikuwa limemkata maini kwelikweli. Akaniambia kanuni ya chuo: mtihani unarudiwa mara moja tu, mwisho wa likizo. Ukianguka tena, unarudi kwenu. Nafasi yake ingepewa mtu mwingine, na kwa umri wake hakuna chuo ambacho kingemwita tena.

"Wifi," aliniambia, "mimi niliandika nilichokishika. Sasa mkono nitauambia nini?"

Hapo kicheko kikaniishia. Nikaona shida yake sawasawa. Hakuwa mjinga. Alikuwa anajua sana, ila alichokijua kilikuwa na kwato. Mwenzake asiyejua kitu alikuwa na kazi moja, kujifunza. Yeye alikuwa na mbili, na ile ya kusahau ndiyo ngumu. Nikamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwamba kama ni maswali, katika nyumba hii hakuna aliyepungukiwa na mdomo.

Tukagawana mwili. Ulikuwa mpango wangu, na sioni haya kuusifu. Kila mtu wa nyumbani alipewa mfumo wake akawa ndiye mwenye maswali yake, na popote atakapokutana na wifi, awe jikoni au kisimani, sharti amuulize, na wifi asipite mpaka ajibu. Kaka alipewa mfumo wa chakula, kwa sababu ndio anaoutumia zaidi. Binti yao, ambaye miguu yake haijui kutembea, alipewa upumuaji. Mimi wakanipa moyo na damu, wakisema mwenye damu inayochemka ovyo ndiye anayefaa kuisimamia. Sikubishana nao. Mifupa na misuli tuliiacha kwa wote, kwani kila mtu anayo.

Tulipomaliza kugawana, wifi akasema bado mfumo wa neva, na huo ni wa mama.

Nilipinga. Wakati huo mama alikuwa anakaa kwenye kiti, anajikokota mpaka mlangoni kwa fimbo, lakini kusema kwake kulikuwa neno moja, kimya kirefu, neno lingine. Nikasema tusimsumbue mgonjwa. Wifi hakunijibu mimi. Alichuchumaa mbele ya kiti cha mama, akamshika magoti, akamwambia kwamba mtihani wake una swali ambalo mwenye nalo ni mama peke yake, naye anaomba awe anaulizwa kila siku. Mama akafikiri. Kisha akaanza: "Mkono... wa..." Nami nikadakia, "Wa kulia, mama?"

Wifi aligeuka akanitazama. "Wifi, muache amalize mwenyewe."

Ilichukua muda ambao ningeweza kumsuka mtoto mabutu. Lakini mama alimaliza: "Mkono wa kulia... umelala. Ubongo... wapi?" Na wifi akajibu kwamba ubongo umeumia upande wa kushoto, kwa kuwa nyuzi za neva zinapishana njiani, upande wa kushoto wa ubongo ukaongoza upande wa kulia wa mwili. Mama akaitikia kwa kichwa kama mwalimu mkuu. Kuanzia siku hiyo alikuwa akimsubiri wifi na swali lake, na ole wake apite bila kuulizwa.

Likizo ile nyumba yetu ilikuwa kituko. Wifi hakuweza kuteka maji bila binti yake kumjia mbio, anahema, amuulize kwa nini anahema, na mama mtu ajibu kwamba hewa chafu imezidi katika damu na ubongo umeamuru mapafu yaongeze kasi. Pafu la kulia lina sehemu ngapi? Tatu. La kushoto? Mbili, kuupisha moyo. Siku za mwanzo alikuwa anasema nne kwa la kulia, za ng'ombe, na binti anamrudisha kisimani kuanza upya na ndoo yake. Mimi nilikuwa namuuliza kupitia ukuta wa mabati. Nilikuwa napaza sauti tu nikiwa na kichwa cha mteja magotini: damu ikitoka mapafuni inaingia wapi? Na upande wa pili sauti inajibu, atiria ya kushoto, kisha ventrikali ya kushoto, kisha aorta, na mwili mzima. Wateja wangu wawili watatu waliijua njia hiyo kwa moyo, na mmoja alikuwa anajibu kabla yake mpaka nikamtishia kumwachia nywele nusu.

Kaka ndiye aliyetuangusha. Alitakiwa amuulize safari ya tonge kutoka mdomoni mpaka mwisho, kabla sahani haijawekwa mezani. Lakini kaka ni mtu wa njaa, na kwake jibu lolote lilikuwa sahihi mradi chakula kifike. Siku moja wifi aliruka kongosho na nyongo vyote viwili, na kaka akasema vizuri sana mke wangu, pakua. Tukamvua uongozi. Mfumo wa chakula nikauchukua mimi.

Lakini kazi kubwa ilifanyika pale pale mezani pa maini. Ilikuwa rai yake mwenyewe. Alisema kama mikono ndiyo iliyomponza, basi mikono ndiyo ifundishwe. Kila alichokipima, kabla ya kukifunga alikiinua na kumwambia mteja tofauti yake. Figo hii ina vifundo kwa kuwa ni ya ng'ombe. Ya kwako ni laini, ina umbo la haragwe, na ya kulia imekaa chini kidogo kwa sababu ini limeisukuma. Tumbo hili lina vyumba vinne. Lako ni mfuko mmoja, basi usile kama una manne. Bandama hii ndefu; yako inatosha kwenye ngumi. Watu walikuja kununua wakaondoka na somo, watake wasitake.

Biashara ilitikisika, sitaficha. Mama mmoja alipoambiwa kazi zote zinazofanywa na ini, kuchuja sumu, kutengeneza nyongo, kuhifadhi chakula cha akiba, alilionea huruma akanunua kabichi kwa jirani. Fundi seremala wa upande wa pili, mtu wa chupa, alielezwa kwa upole jinsi pombe inavyolifanya ini kuwa gumu. Alisikiliza kwa makini mno, akashukuru, na tangu siku hiyo akaacha kabisa kula maini. Chupa hakuiacha. Kaka akamwomba mkewe afundishe kwa sauti ya chini. Wifi akamjibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye ameshainama, hawezi kuinuka katikati.

Moyo ndio uliomsumbua mpaka mwisho. Kila alipoupasua, kidole kilikwenda chenyewe kwenye kile kifupa. Alikuwa anakitoa, anakiweka mezani, anakitazama kama mtu aliyemfanyia ubaya. "Wewe ni wa kwake," anakiambia, "si wa kwangu." Kisha anakitupa kwenye ndoo. Wapita njia walimwona amerukwa na akili. Mimi nilimwona anapona.

Siku ya mtihani wa marudio aliondoka na sare iliyopigwa pasi mpaka inakata. Mama alimuuliza swali lake mlangoni, naye akalijibu, ndipo akaruhusiwa kwenda. Asubuhi ulikuwa mtihani wa kuandika na mchana wa kuulizwa ana kwa ana. Aliporudi, uso wake ulikuwa umenyauka. Aliingia kibandani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kusimulia huku anaitazama sakafu.

Wa kuandika ulikwenda vizuri. Chumba cha pili kilikuwa na mwanasesere mkubwa wa plastiki aliyefunguliwa kifua na tumbo, Mwalimu Mifupa amekaa upande mmoja, na upande mwingine daktari mgeni, mwanamke mwenye miwani, aliyetoka nje ya chuo. Walimwambia atoe viungo kimoja kimoja avitaje na kazi zake. Alipoishika figo, alisema, neno vifundo lilimfika kooni akalimeza. Alipoushika moyo, Mwalimu Mifupa aliinua kichwa, na wifi akaufungua, akataja vyumba vyake na vali zake, akaurudisha mahali pake bila kutaja mfupa wowote.

Kisha daktari mgeni akauliza swali la mwisho. Mgonjwa ameamka asubuhi, mkono wa kulia hauinuki, mguu wa kulia hausogei, na maneno yamempotea. Kimeumia nini, na kwa nini?

"Nilimwona mama," wifi aliniambia. "Si kwa kufikiria. Nilimwona asubuhi ile, na macho yake vile."

Kule chumbani alinyamaza mpaka yule daktari akashika kalamu akaanza kuandika. Ndipo wifi akajibu: ubongo upande wa kushoto, nyuzi za neva zinapishana kwenye shina la ubongo, na kwa watu wengi upande huo wa kushoto ndio wenye lugha. Akaeleza mshipa kuziba na mshipa kupasuka. Na akaongeza jambo ambalo hakuulizwa, kwamba mgonjwa wa namna hiyo usimmalizie maneno yake; msubiri, hata kama tonge lako linapoa. Daktari aliacha kuandika akamtazama. Wakamwambia aende.

Wifi alikuwa na hakika ameanguka. Ukimya ule, alisema, lazima wameuhesabu kuwa ni kutojua. Niliwachambua wote wawili, mwalimu na daktari wake wa miwani, kwa maneno ambayo hayaandikiki, lakini roho yangu nayo ilikuwa juu. Majibu yangebandikwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Siku zile wifi aliuza maini bila kufundisha mtu, na ndipo wateja waliokuwa wakilalamika walipoanza kuuliza, vipi, leo hakuna somo?

Jumamosi nilikuwa namsuka bibi harusi mtarajiwa niliposikia upande wa pili sauti nisiyoijua, ya mzee, kavu, inasema: "Nipimie moyo mmoja."

Wifi akauliza mkubwa au mdogo. Nikasikia kisu kinawekwa mezani. Nilimwacha bibi harusi na nusu ya kichwa nikachungulia. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kikapu, mifupa ya mashavu imetokeza, na wifi amesimama mbele yake mikono imejaa damu hajui aiweke wapi. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

"Mtu mzima ana mifupa mingapi?" akauliza yule mzee.

"Mia mbili na sita, mwalimu."

"Na moyoni?"

"Moyoni mwake hamna mfupa."

Mwalimu Mifupa akaitikia kwa kichwa polepole. Akasema daktari mgeni amemtuma amwambie kwamba katika miaka yake yote ya kuuliza wanafunzi swali lile, wengi wamemwambia ni nini kilichoumia, lakini yeye ni wa kwanza kumwambia namna ya kukaa na mgonjwa. Kisha akasema kwamba Jumatatu umati utakuwa mkubwa kwenye ubao, naye hakutaka mtu mzima asukumane na watoto kutafuta jina lake, kwa hiyo amekuja kulisema mwenyewe. Amefaulu, na kwa alama za juu kuliko wote waliorudia. Aje na sare ya mwaka wa pili.

"Na huo moyo," akamalizia, "usiutoe mfupa wake. Nimeusoma vitabuni maisha yangu yote, nataka nikauone."

Mimi ndiye niliyepiga kigelegele, na bibi harusi wangu akakipokea bila kujua ni cha nini. Kaka aliruka juu ya gogo la kukatia nyama, mwili wote ule, akamkumbatia mkewe mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi yao, na aproni yake ikampitia mwalimu ikamwachia doa. Fundi seremala alivuka barabara akiwa na randa mkononi kuuliza nani kafa. Alipoambiwa hakuna aliyekufa, ila Mama Maini amekuwa muuguzi wa mwaka wa pili, akasema yeye alijua tangu siku ile alipotibiwa. Moyo ule Mwalimu Mifupa alipewa bure, na kaka, ambaye hajawahi kumpa mtu hata mfupa wa mbwa bure, ndiye aliyeufunga.

Tulifunga bucha na kibanda tukaenda nyumbani mchana kweupe. Bibi harusi nilimwambia arudi jioni, na akakubali. Njia nzima wifi alikuwa anatembea mbele yetu haraka haraka, hajanawa hata mikono, na mimi nyuma nawatangazia waliouliza na wasiouliza.

Mama alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, fimbo magotini. Binti alikuwa ameshatangulia mbio kumpa habari. Wifi alifika akachuchumaa mbele yake kama siku ile ya kwanza, akitaka kusema kitu, ikawa yeye sasa ndiye ambaye maneno yamemkimbia. Alilaza kichwa chake kwenye mapaja ya mama, mabega yakawa yanatikisika.

Mama akamwekea mkono kichwani. Ulikuwa mkono wa kulia. Aliuinua kwa kusaidiwa na wa kushoto, lakini ukafika.

"Mkono wa kulia umelala," akaanza, "ubongo umeumia wapi?"

Wifi hakuweza kujibu, alikuwa analia. Mama akasubiri. Tukasubiri wote. Mimi jibu nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi, nalijua kama jina langu, nikauma midomo.

"Kushoto, mwanangu," mama akajibu mwenyewe, neno kwa neno, hakukwama hata mahali pamoja. "Ubongo uliumia upande wa kushoto. Na wewe ndiye uliyekaa nami hapa mpaka nikaweza kulisema."

Kisha akaniangalia mimi, akauliza kulikoni leo, mbona nimenyamaza.